Kiti cha Chepchumba

Haya yalimpata rafiki yangu Benard wa Lodwar, mgane kama mimi. Gari lao la kifahari lilikuwa likijirekebishia kiti cha dereva kwa kimo cha mwenye ufunguo uliokaribia. Ufunguo wa mkewe, Chepchumba, aliuzika naye, mkobani mwake. Juzi akalipeleka gari Kakuma, shirika la misaada liliuze na kuchimba kisima.

“Mzee, hili likiingia mchanga wa mto Tarach litavutwa na ngamia!” Nawoi wa shirika alicheka, akiteremsha mlango wa bohari kuzuia vumbi. Ndani mkawa giza.

“Lichukueni tu. Siwezi kuliendesha peke yangu.”

Nawoi akatoka na ufunguo wa Benard kupitia mlango mdogo. Benard akabaki kuliaga.

Akasikia mota ikivuma polepole. Kiti cha dereva kikasogea mbele, kikapanda, kikakoma kwa kimo cha Chepchumba.