Umemchagua Nani, Jarkko?

"Outi, hebu njoo. Vitu vyangu mmevificha wapi?"

Mzee Taisto alikuwa ameegemea mito katika wodi ya hospitali ya Kajaani, kompyuta iko mbele yake, miwani imeteremka hadi ncha ya pua. Kiharusi kilikuwa kimeuchukua mkono wake wa kulia, na wa kushoto uliobaki ulikuwa unatetemeka. Hata hivyo mzee aling'ang'ania kutengeneza tangazo la dansi la ukumbi wa kijiji, kama alivyofanya kila mwaka tangu astaafu kazi ya msituni.

Binti yake akainama kutazama. Skrini ilikuwa imejaa vitufe vidogo vidogo kama sisimizi waliomwagiwa sukari. Programu yenyewe ilikuwa Viiru, ile ya kuchorea ambayo Outi na mchumba wake Jarkko waliianzisha miaka tisa nyuma, wakaiachia dunia nzima bure, na kila mwenye ujuzi akakaribishwa kuiongezea mkono. Sasa ilikuwa imejipandisha toleo jipya, na Meza Ndogo haikuwepo. Meza Ndogo ilikuwa sura nyepesi ya Viiru, yenye vitufe vichache vikubwa na maandishi ya kusomeka, basi. Outi aliibuni akiifikiria mikono ya baba yake, mikono iliyozoea msumeno.

"Itakuwa hitilafu tu, baba. Subiri."

"Nilidhani ni akili yangu imenihama."

"Akili yako ipo. Lete, nikutengenezee mimi. Wewe niambie unataka nini."

"Ukilitengeneza wewe litakuwa tangazo lako. Mimi nilitaka langu."

Mzee akaisukuma kompyuta, akageukia ukutani. Outi hakuwahi kumwona baba yake akilia, na siku ile pia hakumwona, maana alitoka mbio kabla hajaona.

Kwenye korido akampigia Jarkko simu, mjini Tampere.

"Mpenzi! Mzee anaendeleaje?"

"Jarkko, toleo jipya lina hitilafu. Meza Ndogo imepotea."

"Si hitilafu, Outi. Tumeiondoa."

"Mmeiondoa kina nani?"

"Mradi. Nilituma pendekezo kwenye jukwaa letu la mtandaoni, wiki ikapita, hakuna aliyepinga. Kanuni unaijua. Wewe ndiye uliyeiandika."

Kweli, aliiandika mwenyewe. Mradi wenye watu waliotawanyika kila pembe huwezi kuuendesha kwa kumsubiri kila mmoja anyanyue mkono, kwa hiyo anayenyamaza wiki nzima huhesabiwa kuwa amekubali. Ni kanuni nzuri sana, mpaka siku utakaponyamaza kwa sababu umekaa kando ya kitanda ukimlisha baba yako uji kwa kijiko.

"Wiki ile nilikuwa hapa hospitalini."

"Najua. Sikutaka kukusumbua."

"Unanipigia kila jioni, Jarkko! Kila jioni unaniuliza kama nimekula. Ulishindwa kuongeza sentensi moja?"

"Nisikilize kwanza. Miaka yote hii tunamtumikia kila mtu, na hakuna anayeridhika. Wachoraji wa studio wanatucheka, eti Viiru ni ya watoto. Wanaoanza nao wanalia kwamba ni ngumu. Lazima tujue tunamtengenezea nani! Mshika mbili moja humponyoka. Mimi nimewachagua wataalamu, watu wanaokula kwa kazi hii. Kila tulichojaribu kuwapa, Meza Ndogo ilikuwa inatukwamisha."

"Huenda uko sahihi."

"Sasa unagombania nini?"

"Baba yangu amegeukia ukuta."

Akakata simu. Baada ya muda ujumbe ukaingia: "Nisamehe. Nilipaswa kukwambia. Nimechoka, sikufikiri. Nawapenda wewe na mzee. Nakuja Ijumaa."

Alhamisi alfajiri mzee Taisto akakata roho, tangazo lake halijaanzwa.

Sasa, moyo wa mtu anayependa ni mwepesi kudanganyika, na wa Outi haukuwa tofauti. Siku ya maziko, zamu yake ya kupeleka maua mbele ya jeneza ilipofika, alisimama peke yake na shada mkononi. Jarkko akainuka kutoka kiti cha nyuma kabisa, alikokaa kama mgeni.

"Naruhusiwa?" akanong'ona.

"Shika upande huu," Outi akamjibu.

Wakaenda pamoja. Outi alijaribu kusoma maneno ya kwenye utepe wa shada, sauti ikagoma, Jarkko akamsomea mpaka mwisho bila kukosea. Mkono wake ulikuwa mgongoni kwa Outi, na Outi akajikuta anawaza yaliyo mbele: harusi yao iliyopangwa sikukuu ya Juhannus katikati ya kiangazi, nyumba kando ya ziwa, ugomvi huu wakiukumbuka na kucheka. Kwa muda mfupi alimsamehe kabisa.

Baada ya maziko watu wakaenda kunywa kahawa ukumbi wa kijiji. Bi Elvi, mwenyekiti wa chama cha kijiji, akamminya Outi kifuani kwake.

"Tangazo la dansi mwaka huu nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe, mwanangu. Kama kuku kapita kwenye matope! Wamekuja watu wa kujaza benchi moja."

Wakacheka, kisha wakalia, kisha wakakatiana keki.

Hapo ndipo Mirva alipomsogelea. Mirva alikuwa mwenzao katika mradi tangu mwanzo, na alikuwa ameendesha gari kutoka Jyväskylä kuja kuzika.

"Outi, tutoke kidogo."

Wakasimama penye makoti.

"Kuhusu lile pendekezo... Nilidhani Jarkko amekueleza yote."

"Yote yapi?"

"Lilikuwa tayari tangu Agosti. Nilimwomba tukusubiri urudi."

"Akasemaje?"

Mirva akamkabidhi simu yake. Ujumbe wa Jarkko ulisomeka hivi: "Bora litoke wiki hii hii. Outi yuko hospitalini, hatafungua jukwaa. Akirudi atapinga tu, na mimi sina nguvu ya kuvutana naye miezi mingine."

Outi alisoma, akasoma tena. Akashika koti la mtu asiyemjua ili asianguke.

"Nisamehe," Mirva akasema. "Ningekupigia siku ile ile. Niliogopa kuonekana mchonganishi."

Jarkko alikuwa nje, anakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Alipomwona mchumba wake akatabasamu.

"Ingia ndani, utaugua. Koti lako liko wapi?"

"Uliichagua ile wiki."

"Wiki gani?"

"Usinifanye mjinga, Jarkko! Baba yangu kapooza, na wewe ukaona hapo hapo ndipo penye nafasi."

Mkono wa Jarkko ukasimama juu ya kioo.

"Mirva amekwambia."

"Nilistahili kuambiwa na wewe."

"Niliogopa." Sauti ilikuwa imemkauka. "Wewe hujui, Outi. Mimi nikiongea pale jukwaani, watu wanangoja kwanza waone utasema nini. Ukikataa, wote wanakataa. Miaka tisa! Nilitaka mara moja tu niamue jambo, na liwe."

"Ungeniambia hivyo, ningekuachia uamue."

"Uongo."

"Pengine ni uongo. Pengine ningepinga mpaka sauti ikauke. Lakini ningekuwepo."

Jarkko akakitupa chini kile kikwangulio, akamsogelea.

"Nairudisha. Leo hii nairudisha Meza Ndogo, wapige kelele wapendavyo."

"Kwa ajili ya nani? Mwenyewe tumetoka kumzika."

"Kwa ajili yako!"

"Mimi naitakia nini?" Outi akapaza sauti. "Mimi nachora tangu nina miaka kumi na tisa. Ndiyo kazi inayonilisha. Mimi ni mtaalamu, Jarkko! Mimi ndiye huyo uliyemchagua. Umekaa, umefikiri, ukasema kuanzia leo tunamsikiliza mtu wa aina ya Outi. Halafu Outi mwenyewe ukamkwepa."

Machozi yalikuwa yanamtoka Jarkko bila kificho.

"Utajitenga," akasema hatimaye. "Utachukua nakala ya Viiru uondoke."

"Nitachukua. Nitaanza upya na kina Bi Elvi. Wewe baki na wataalamu wako, na nakuombea ufanikiwe, maana hoja yako haikuwa mbaya. Mimi nitaondoka na Viiru yote, wewe utabaki na Viiru yote, hakuna atakayepungukiwa. Tuliiachia dunia kwa masharti hayo."

"Na sisi?"

Outi akaivua pete. Haikumpa shida kutoka, alikuwa amekonda sana kule hospitalini.

"Sisi hatuna nakala."

Akaiweka kwenye kiganja cha Jarkko, akavikunja vidole vyake kimoja kimoja.

"Outi, bado unanipenda?"

"Nakupenda sana. Ndiyo maana siwezi kukaa na wewe nikihesabu lini nisiumwe, lini nisiwe msibani, ili usinipitie tena pembeni."

Jarkko alisimama pale mpaka kioo kikaganda upya. Baadaye gari likasikika likiteremka barabara ya changarawe.

Ndani, Bi Elvi alikuwa amemwekea Outi kipande cha keki na kikombe cha kahawa, na pembeni yake vyombo vya mtu wa pili.

"Mchumba wako haingii kunywa kahawa? Safari ni ndefu, mwanangu, na barabara zinateleza."

"Si mchumba wangu tena," Outi akasema.

Alikuwa bado hajajisikia akilitamka neno hilo. Akainamia meza, akalia kwa sauti mbele ya kijiji kizima, naye Bi Elvi akawa anampapasa mgongo na kumwambia kwamba baba yake aliishi vizuri, kwamba amepumzika. Watu walidhani anamlilia mmoja. Outi alikuwa anawalilia wote wawili.