Jina Lililoachwa Unyagoni

Jirani yetu Zuberi, yule wa Magomeni ya Mtwara, hakuwa mtu wa kuamini mambo ya kishirikina. Alikuwa fundi wa kompyuta, na mwaka 2006 fundi wa kompyuta pale Mtwara mjini alionekana bingwa kuliko daktari. Ukimtajia uchawi alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akakuuliza kama huo uchawi wako unaweza kumfufulia printa. Siku hizi ukiutaja hacheki. Anainuka na kuondoka zake.

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Zuberi alifika kwenye intaneti kafe ya mzee Hakimuddin, akanywa chai yake ya maziwa, akawasha mashine. Umeme ukakatika na kurudi, kama ilivyo kawaida yetu. Uliporudi, programu ya mashine kuu, inayoongoza kompyuta zote za wateja, ikaganda, halafu ikafa kabisa. Akaifuta na kuiweka upya. Kompyuta zote zikaunganika tena, isipokuwa moja, ile ya karibu na dirisha.

Akabadilisha waya. Akauhamishia kwenye tundu jingine la swichi, kile kisanduku kinachounganisha nyaya zote. Akafungua kompyuta, akapuliza vumbi, akafunga. Wapi! Mashine kuu haikuiona kabisa.

"Zuberi bhai, kile kiti cha dirishani ndicho wateja wanachokipenda," alisema Hakimuddin akiwa mlangoni, kofia ya sala kichwani. Ilikuwa Ijumaa, duka linafungwa. "Fanya ufanyavyo. Nikitoka msikitini niikute inafanya kazi."

"Nitaipa jina jipya, mzee. Mashine kuu itadhani ni kompyuta ngeni, itaipokea."

"Jina lisilojulikana basi. Lile la zamani wateja walishalishika, wakawa wanaingia bila kulipa, kama kwao."

Zuberi akabaki peke yake, anafikiria jina. Likamjia moja, akatabasamu.

Kijijini kwao Mpapura, mtoto akitoka jandoni au unyagoni hupewa jina jipya. Lile la utotoni linaachwa kulekule porini, pamoja na nguo kuukuu zinazochomwa moto. Tangu hapo halitamkwi. Anayelitamka ni kama amemwita mtu aliyekwisha kuzikwa. Dada yake Mwanaidi, mkubwa wake, ndiye aliyemlea Zuberi baada ya mama yao kufariki, akambeba mgongoni, akamsomesha kwa korosho zake. Zuberi alimpenda kuliko mtu yeyote duniani. Jina la utotoni la dada huyo alilisikia mara moja tu, siku mama alipoteleza ulimi, akatozwa kuku na makungwi. Nachundu. Nani mjini angebahatisha hilo?

Mdharau mwiba mguu huota tende. Akaliandika.

Kisha akajaribu mawasiliano, kama mafundi wote wanavyofanya. Mashine kuu inaiita kompyuta kwa jina lake, kompyuta inajibu, na kila jibu linaandikika mstari mmoja kwenye kioo. Akabonyeza. Majibu yakaja papo hapo, mstari juu ya mstari. Akapiga kofi la furaha.

Simu yake ikaita. Alikuwa Yusufu, mume wa Mwanaidi.

"Shemeji, dada yako ana nini?"

"Kwani vipi?"

"Tupo shamba, tunaokota korosho. Kasimama ghafla, anaitika labeka. Hakuna aliyemwita. Kaitika tena na tena." Yusufu akashusha sauti. "Na sauti si yake, shemeji. Ni ya kitoto."

Zuberi akaanza kusema ni jua, mpeni maji, mketisheni kivulini. Huku anasema, kidole chake, kwa mazoea tu, kikabonyeza tena.

Mstari ukaandikika kwenye kioo.

"Labeka," ilisema sauti nyembamba ndani ya simu.

Mstari wa pili.

"Labeka."

Hiyo haikuwa sauti ya mama wa watoto wanne. Ilikuwa sauti ya kitoto kinachoitwa kutoka mchezoni, kinachoogopa kuchelewa kuitika. Zuberi akahisi machozi yanamlengalenga. Alijua amefanya nini, na hakujua afanyeje.

"Mwite, Yusufu! Mwite kwa jina lake!"

"Namwita! Mwanaidi! Mke wangu! Hanisikii kabisa."

Zuberi akalifuta lile jina, akaandika jingine. Kompyuta ikakataa. Akajaribu tena. Ikaganda. Mistari ikaendelea kuteremka kwenye kioo, ingawa hakubonyeza kitu. Akaurukia waya wa dirishani, akauchomoa. Mistari ikaendelea. Akazima kompyuta ile kwenye soketi, kioo chake kikawa cheusi. Mashine kuu ikaendelea kuita, na ikaendelea kujibiwa.

"Labeka. Labeka. Labeka."

Akazima umeme wa duka zima.

Kimya. Mapangaboi yakasimama. Zuberi akakandamiza simu sikioni.

"Yusufu?"

"Amenyamaza," Yusufu alinong'ona. "Anatazama huko porini. Kama anasikiliza."

Halafu ile sauti ndogo ikasema, kwa utii, bila haraka:

"Labeka. Naja."

"Shemeji, anaondoka! Namshika, ananishinda nguvu! Shemeji..."

Simu ikakatika. Akapiga. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Yeye aliyeunganisha nusu ya Mtwara na dunia, hakuweza kuufikia mkono wa dada yake.

Alikodi pikipiki, na kwa jinsi alivyokuwa analia, mwendeshaji hakumwuliza hata nauli. Alipofika Mpapura jua bado lilikuwa linawaka. Watu walikuwa wametapakaa kwenye mikorosho wanaita, "Mwanaidi! Mwanaidi ee!" Yusufu alikuwa ameketi chini, kanga ya mkewe mkononi. Alikuwa ameishika, mwenye kanga akatoka ndani yake.

"Alipita wapi?"

Yusufu alionyesha kwa kidevu tu.

Nyayo zilianzia hapo, kwenye mchanga mwekundu, za mtu mzima, peku. Zuberi alizijua. Dole gumba la mguu wa kulia la dada yake lilipinda kidogo nje, na hapo lilikuwa limepinda vilevile. Akazifuata. Zilipita kwenye mihogo, zikaelekea kule msituni makungwi wanakochezea unyago, ambako mwanamume haendi.

Alipofika katikati ya mihogo aliona hatua zimekuwa fupi. Alidhani dada alikuwa amechoka.

Mbele kidogo, unyayo wenyewe ulikuwa umepungua. Ungeweza kuwa wa msichana. Dole gumba lilikuwa limepinda nje.

Akakimbia. Kila alipotazama chini nyayo zilikuwa ndogo zaidi.

Zilikoma kwenye uwazi wa mchanga, kabla ya miti ya kwanza. Hapakuwa na alama nyingine, mbele wala kando. Zuberi akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya unyayo wa mwisho. Kikaufunika wote, na dole gumba lake lililopinda.

Nyuma yake watu walikuwa bado wanaita Mwanaidi. Hakuna aliyeitika. Naye akafunua mdomo kumwita dada yake, akasita, maana jina moja halikuwa na mtu tena, na lile jingine aliliogopa. Akabaki hapo, mdomo wazi, mpaka walipokuja kumwinua.