Swali Alilolipunguzia Sauti

Jumamosi ile duka la redio lilikuwa limefurika. Kila spika ilipiga wimbo wake, wateja wakisukumana, na katikati ya zogo hilo kaka mmoja wa shati la bluu, vidole vina madoa ya wino, alisimama mbele ya pleya za santuri kama aliyekuja kuposa.

"Kaka, unataka ya kupamba sebule au ya kusikilizia?"

Aliyeuliza ni muuzaji, dada mrefu wa gauni la njano ambaye wenzake walimwita Spika. Sauti yake ilisikika mpaka ng'ambo ya barabara. Wifi yake alishasema mwanamume wa kuivumilia hajazaliwa, lakini huyu aligeuka akatabasamu uso mzima.

"Ya kusikilizia. Niliyo nayo ni ya plastiki, sindano yake inalima santuri badala ya kuzisoma. Nataka ya maana, isiyonisumbua tena."

Spika akamsogezea moja yenye sahani nzito. "Hii inazungushwa na mkanda, mvumo wa mota hauingii kwenye muziki. Mkanda ukilegea unabadilisha, basi. Ukiitunza itakuzika."

"Na wewe utanizika?"

"Mimi nauza redio, sichimbi makaburi."

Mpigachapa, maana hiyo ndiyo kazi yake, akacheka. "Sauti yako naisikia vizuri. Siku hizi watu wananong'ona tu."

Spika akadhani anatongozwa, na kusema kweli alipenda.

Mpigachapa alirudi Jumamosi baada ya Jumamosi, kuuliza yaleyale kuhusu mkono wa pleya na sindano, na baadaye wakawa wanakwenda kunywa chai. Akamweleza juu ya marehemu baba yake, mpiga gitaa aliyeacha santuri moja. Mwishoni mwa wimbo wa mwisho, kabla haujakatika, baba anacheka. Pleya ya zamani ilikuwa inaruka hapohapo.

"Nataka nimsikie akicheka. Mapema." Kwa nini mapema, hakusema.

Siku aliyokuja kulipia, Spika aliona ni heri ajue moja. Aibu ikamshika, naye, kwa mara ya kwanza dukani mle, akapunguza sauti. "Nyumbani una mke?"

"Ndiyo," akajibu kwa furaha. "Tangu nihamie pale."

Jamani, hata aibu hana. Sasa Spika akaelewa kwa nini simu zake hazipokewi, anajibiwa kwa ujumbe tu. Alimpigia mara moja zaidi. Huyo akapokea, akasema "haloo, haloo," akakata. Ujumbe ukafuata: "Mpenzi, mbona kimya?" Spika alilia nyuma ya maboksi ya feni, na hakujibu.

Lakini pleya ile ilihitaji kufungwa na anayeijua, na bosi akamtuma yeye. Akavaa gauni lake jekundu, akapaka rangi ya mdomo, ili huyo mke amwone vizuri.

Chumbani alikuta kiti kimoja, kikombe kimoja na jozi moja ya ndala. Akafunga mkanda, akapima uzito wa sindano, hasira zimemjaa. Bila kuinua kichwa akasema chinichini, "Mkeo yuko wapi?"

Mpigachapa akaonyesha taa ya darini. "Upo. Si huo unawaka?"

Mkono wa Spika ukasimama hewani. Akamgeukia, akarudisha sauti yake. "Siku ile dukani nilikuuliza nini?"

"Kama nina umeme."

"Niliuliza kama una mke."

Mpigachapa akakaa kitini taratibu. Mitambo ya kuchapa ilimmaliza masikio, akasema. La kushoto limekufa, la kulia linafuata, na daktari hakumficha kwamba dawa hakuna. Kwenye simu alikuwa anasikia mvumo tu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenionea huruma. Mimi nilitaka unitanie."

Spika akaweka santuri, akashusha sindano. Gitaa likatoka safi, chumba kikajaa. Mwishoni, wazi kabisa, mwanamume akacheka. Mpigachapa alikuwa ameegemeza sikio kwenye spika, amefumba macho. Hakutikisika.

"Amecheka?"

"Amecheka."

"Rudisha."

Akarudisha, akaongeza sauti mpaka madirisha yakatetemeka. Akarudisha tena.

"Nyuzi nene nazisikia kwa mbali. Yeye simpati." Machozi yakamtoka. "Nimechelewa."

Pleya ilifanya kila kitu ilichoahidiwa kufanya, na haikumsaidia. Spika akapiga magoti, akaweka mdomo kwenye sikio la kulia, akacheka kama yule baba: kwanza kifupi, kama aliyepaliwa na chai, kisha kirefu kikishuka. Mpigachapa akamkamata mkono.

"Ndivyo. Ndivyo alivyokuwa anacheka. Tena."

Akacheka tena, na yeye analia.

Baadaye sana Mpigachapa akasema, "Sina mke. Ni jibu la swali lako. Na hili sikio nalo litazima, utakuwa unaongea na ukuta."

"Uliza lako," Spika akasema, "wakati bado lipo."

Akauliza. Jibu la Spika lilisikika mpaka kwa majirani, na Mpigachapa akaomba alirudie, apate la kubaki nalo.