Mikungu ya Darajani

Udongo ulikuwa wa moto. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, lakini Asifiwe alipoingiza kidole akakitoa upesi, kisha akajiambia ni mbolea tu.

Lile daraja la reli huko Temeke lilikuwa limetelekezwa miaka mingi, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuligeuza bustani. Ufunguzi ulikuwa Jumamosi. Vibarua, watu wa pwani, walishuka kila ilipofika saa sita mchana, wakisema hiyo ni saa ya wenyewe wasioonekana. Asifiwe, mtu wa Tukuyu mwenye kichwa kigumu, aliuita huo uvivu mtupu. Jumatano, saa hiyo hiyo, akamtuma Edgar, mumewe, akamwagilie peke yake.

Kwanza ikaja harufu ya grisi iliyoungua. Kisha daraja likaanza kutetemeka, kama treni inakaribia, ingawa reli zilishang'olewa zote, na mtetemo ukazidi hadi ndoo zikagongana, na Asifiwe akapanda mbio akimwita mumewe, akamkuta amelala kifudifudi, mdomo umejaa udongo, naye anacheka.

Akaitwa Bi Rukaiya, mganga wa mtaa wa pili. Alifukiza ubani, akamuuliza aliyempanda Edgar anataka nini. Sauti iliyojibu haikuwa ya Edgar.

"Mie nalala hapa tangu treni ya mwisho. Mmenifukia. Ng'oeni kila mlichopanda kabla ya magharibi, nimwachie."

"Umesikia, mwanangu," Bi Rukaiya akanong'ona. "Usibakize hata kimoja."

Asifiwe aling'oa kwa mikono yake, huku analia. Alipofikia miche saba ya mikungu, ile miti ya kivuli, akaikumbuka Jumamosi, akaona aibu ya kufungua daraja tupu, akaifunika kwa magunia. Jioni Edgar aliomba uji, akamwita mkewe "mama Bupe", kama alivyozoea, kwa sauti yake mwenyewe. Asifiwe akamshukuru Mungu, na ya magunia hakuyasema.

Asubuhi Edgar hakuwapo kitandani. Asifiwe alikimbia hadi darajani, akayakuta magunia yametupwa kando. Alihesabu, akarudia kuhesabu. Miche ilikuwa minane. Wa nane ulimfika kifuani, na kijitawi chake kimoja kilikuwa kimevaa pete ya ndoa ya Edgar.

Jumamosi wageni walipanga foleni kupiga picha pembeni ya mche huo. Mmoja wao, kwa mzaha, akachuma jani. Asifiwe peke yake ndiye aliyesikia mtu akiguna kwa maumivu.