Aliyenikanyagia Breki

Jua lilikuwa linazama nilipofika kwa mama mdogo na boksi langu la spana. Kesho yake alitaka kuwapeleka wajukuu shule kwa lile gari la marehemu baba mdogo, kuukuu, lenye pua ndefu kama jahazi la mtu mwenye majivuno, na pedali ya breki ilikuwa inazama mpaka chini. Kazi yenyewe ndogo, kutoa upepo kwenye mafuta ya breki, ila inataka watu wawili. Mmoja anakanyaga, mwingine yuko chini analegeza nati. Mama mdogo akasema atakanyaga yeye, nimngoje kidogo aepue sufuria.

Nikaingia uvunguni. Niseme ukweli, sikupenda kuwa pale. Miaka miwili nyuma baba mdogo aliniletea gari hilohilo, akilalamika kwamba breki hazimpi raha. Nikauona mpira unaopitisha mafuta, umechanikachanika. Lakini nilikuwa nawahi harusi ya rafiki. Nikaufuta kwa petroli, nikaupaka oili ukang'aa, nikamwambia gari liko sawa. Siku tatu baadaye aliteremka mlima akaishia ukutani. Aliyekwenda kulivuta ni mimi. Nikabadilisha ule mpira kabla mtu hajachungulia.

Kwenye kikao cha ukoo wakasema alikuwa amelewa, maana ujanani alikunywa. Mimi nikatazama sakafu. Fundi mzima!

Mlango wa dereva ukafunguka. Ukafungwa. Gari likanesa.

"Kanyaga," nikasema.

Pedali ikalia. Nguu... nguu... nguu...

"Shikilia."

Nikalegeza nati, mafuta yakatoka na mapovu, nikakaza. Gurudumu la kwanza. La pili. La tatu. Alikuwa anakanyaga vizuri mno, taratibu, bila kuuliza chochote. Kisha ikanijia harufu ya dawa ya kuchua magoti, ile aliyojipaka baba mdogo kila jioni. Nikajiambia labda mama mdogo naye magoti yanamsumbua.

Gurudumu la nne.

"Shikilia," nikasema.

"Mpaka lini?"

Sauti ya kiume. Ya chini... imechoka.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Nikaona kandambili za mama mdogo zinakuja uani.

"Nimekuchelewesha, mwanangu. Nikae sasa?"

Nilitoka uvunguni kwa viwiko na magoti. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu, kimesukumwa nyuma mpaka mwisho. Mama mdogo ni mfupi, yeye hukivuta mpaka tumbo liguse usukani. Na kule nyuma taa za breki zilikuwa zinawaka, ukuta wote mwekundu.

Nikamwambia. Mpira, oili, harusi, kikao... yote. Niliongea nikitazama miguu yake, maana uso nisingeuweza.

Hakunitukana. Laiti angenitukana.

"Nimemnunia miaka miwili," akanong'ona. "Kaburini kwake sijakwenda hata mara moja."

Akafungua mlango wa abiria, akakaa, akaniambia niende nyumbani. Nilipofika getini nikamsikia analia, anaomba msamaha. Mama wa watu, anaomba msamaha kwa kosa langu mimi.

Kisha sauti nyingine ikaanza kumjibu, taratibu.

Nilishindwa kugeuka. Aibu ilikuwa imeuzidi woga.