King'ora cha Kamishna

King'ora kiliibwa Jumapili asubuhi, wakati jua ndiyo kwanza linaipaka theluji ya vilele rangi ya dhahabu na wakubwa wote wamegeuka kutazama huko.

Kamishna Mathur alikuwa amepanda mji wa mlimani wa Devlikhal tangu Ijumaa kwa matembezi ya siku tatu kuona milima, kwa gari la serikali na mafuta ya serikali. Alipiga picha na mkewe mpaka akatosheka. Waliporudi kwenye gari walikuta juu ya paa nyaya mbili zinaning'inia.

"Nakitaka kabla ya saa sita mchana," alimwambia Inspekta Rautela. "La sivyo, utakwenda kuhesabu mbu bondeni."

Inspekta alipiga saluti. Mwenye nguvu mpishe. Aliinama kwenye umande ulioganda, akaona nyayo: miguu mitupu, kwenda na kurudi. Kwenye baridi ile hata mbwa walikuwa wamejikunyata vibarazani.

Akamwita dereva.

"Ulimwona mtu?"

"Nilimwona, afande. Ukungu ulikuwa mzito, lakini nilimfikia. Nikanyoosha mkono nimkamate."

"Ukamkamata?"

"Wapi! Alinifokea, 'Usiniguse!' Nikashtuka, nikampisha. Mwizi gani huyo, hataki kuguswa kama bibi harusi?"

Askari wakacheka. Inspekta hakucheka.

"Alikuwa na silaha?"

"Hapana. Amekumbatia king'ora kwa mikono miwili."

"Sauti yake ilikuwa ya woga?"

"Ya ukali, afande. Utadhani mimi ndiye niliyeiba."

Dereva alikuwa mtu wa bondeni, hakujua. Inspekta alizaliwa mlimani. Kule maiti huchomwa, na aliyemwashia maiti wake moto hukaa siku kumi na moja hagusi mtu wala haguswi, hula alichopika mwenyewe, havai viatu. Akiguswa, safari ya marehemu imeharibika. Huyu mwizi aliogopa mkono wa mtu kuliko jela. Na wiki ile, mji mzima, aliyenyoa kichwa kwa msiba alikuwa mmoja tu.

Padam Bora, anayepandisha watalii kwa farasi, alikuwa ameketi nje ya zizi na shuka moja nyeupe, anachochea wali wake. King'ora kilikuwa kando ya jiko. Hata gunia hakukifunika.

Konstebo akachomoa pingu.

"Rudisha," Inspekta alisema. "Huyu haguswi." Akakaa juu ya jiwe, mbali kidogo. "Kaka Padam, ni wewe uliyekichukua?"

"Ni mimi."

"Ulitaka kukiuza?"

"Nimuuzie nani? Au nimfunge farasi, apige kelele watu wampishe?"

"Sasa ulikichukulia nini?"

Padam akaweka mwiko chini.

"Ijumaa mke wangu Hansuli alivuja damu. Tukampakia kwenye gari, tumteremshe hospitali. Pale kizuizini mkatusimamisha saa mbili nzima, mgeni anapanda kuona theluji. Theluji, afande! Ipo tangu dunia iumbwe. Ingemkimbia?"

Padam akasukuma ukuni jikoni.

"Ving'ora vikalia. Hansuli akafumbua macho, akaniambia, 'Umesikia? Ambulensi hiyo, wamenifuata.' Akatabasamu, afande. Gari zao zikatupita. Hakusema tena neno."

"Mbona hukuja kituoni kushtaki?"

"Nilikuja! Nilikuja Ijumaa, nikaja Jumamosi. Sajini akanifukuza mlangoni. Amri ya Inspekta, akasema, malalamiko yote yasubiri mpaka mgeni ateremke."

Konstebo akatazama viatu vyake. Amri ile Inspekta aliitoa kwa kinywa chake mwenyewe, maana naye alikuwa na mkubwa wake wa kumpendeza. Ndivyo wakubwa wanavyoshikana mikono, na katikati yao mtu anakufa.

"Nikakaa nikawaza," Padam alisema. "Kifo cha mke wa mchunga farasi hamkiandiki. Lakini king'ora cha mkubwa, mtaandika tu. Na mkiandika wizi, lazima muandike na sababu ya mwizi. Haya, toa kalamu. Nifunge ukitaka, lakini andika."

Inspekta akafungua jalada. Aliandika saa ya gari la mgonjwa kufika kizuizini, saa ya msafara kupita, saa ya Hansuli kukata roho. Alimsomea yote. Kisha akaweka kidau cha wino juu ya jiwe, akarudi nyuma, na Padam akaja akabonyeza dole gumba kwa nguvu, karatasi nusura itoboke. Konstebo akaachwa amlinde kwa mbali mpaka siku zake kumi na moja ziishe.

Saa tano, king'ora kikiwa mezani, Kamishna alisoma maelezo yale amesimama. Alipofika katikati, uso ulimbadilika.

"Chana hii. Nimemsamehe mtu wako. Sema king'ora kilianguka njiani."

"Haichaniki, mkuu. Imeshapewa namba ya kesi. Nakala iko kwa hakimu."

"Una wazimu? Hii amri ya kuzuia malalamiko, humu umejitaja wewe mwenyewe!"

"Ukurasa wa pili, mkuu," Inspekta alisema. "Wewe uko wa kwanza."