Mashine Iliyozimwa Tangu Mazishi

Kila Jumamosi asubuhi, Chapuchapu alikunywa chai wima wima, kisha akafuatana na mama yake mdogo hadi chuo cha ufundi. Jina hilo alipewa na marehemu mama yake, kwa sababu hata kuoga alioga kama anayefukuzwa.

Mama mdogo alikuwa fundi wa kompyuta chuoni hapo. Ofisini kwake kulikuwa na seva ya Linux, kompyuta kuu ya chuo, na ndani yake mashine pepe, yaani kompyuta zisizoshikika kwa mkono, kila moja na kazi yake. Fundi alikuwa akiziwasha na kuzizima moja moja. Sasa alitaka programu ya kuziongoza zote kwa maagizo yaliyoandikwa kwenye faili.

"Isakinishe wewe kwenye seva, unaweza," alimwambia Chapuchapu. "Kisha andika agizo la kufuta mashine zisizotumika. Ila lijaribu kwanza likuoneshe majina tu, bila kufuta. Sawa?"

"Sawa, mama mdogo."

"Sawa ya kweli au sawa ya Chapuchapu?"

Wakacheka, na fundi akaenda kufundisha.

Programu ilikubali kusakinishwa mara moja. Chapuchapu akavimba kichwa. Mashine isiyotumika ni ipi? Bila shaka ni iliyozimwa! Akaandika agizo: kila iliyozimwa ifutwe. Kuonesha majina kwanza aliona ni kupoteza muda, akabonyeza.

Majina ya zilizofutwa yakajitokeza. La mwisho lilikuwa "Sauti".

Moyo ukamlipuka. Mama yake alikuwa mwalimu wa watoto wasioona, na masomo yote aliyowarekodia yalikuwa ndani ya mashine hiyo. Tangu mazishi haikuwashwa, maana mama mdogo hakuthubutu kuisikia sauti ya dada yake. Si kwamba ilikuwa haitumiki. Ilikuwa ikiogopwa.

Fundi alichungulia mlangoni. "Umejaribu kwanza?"

"Nimejaribu. Iko salama."

"Hongera, mwanangu! Basi naanza kuingiza masomo mapya ya chuo."

Masomo yakaanza kuingia kwenye seva. Chapuchapu alikaa akitazama sakafu. Jioni ilipokaribia, kilio kikamtoka chenyewe.

"Mama mdogo, nimekudanganya. Sikujaribu. Nimefuta Sauti."

Fundi aliruka akasimamisha kila kitu, akakaa kitini na kujifunika uso kwa mikono. Chapuchapu hakuwahi kumwona akilia namna ile, hata makaburini.

Kwa siku kadhaa fundi alipekua diski ya seva. Katika masomo yote ya marehemu, lilipatikana moja tu. Walilisikiliza pamoja. Mama alikuwa akisoma hadithi kwa sauti yake ya upole, mara mlango ukasikika ukibamizwa, naye akasema, "Chapuchapu, taratibu! Mlango si adui yako." Akacheka, akaendelea kusoma.

Wakashikana, wakalia.

"Kosa la kufuta tunagawana," mama mdogo alisema hatimaye. "Nilipaswa kuweka nakala, nikaahirisha kwa kuogopa kuifungua. Lakini kitu kikifutwa hakiondoki papo hapo, mwanangu. Sauti za mama yako zilikuwa bado zipo kwenye diski. Masomo mapya ndiyo yaliyoandikwa juu yake, wewe ukiwa umekaa kimya. Ungeniambia pale mlangoni, tungeziokoa nyingi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kukosea kupo kwa kila mtu, ila kosa likisemwa mapema hutibika."

"Nisamehe, mama mdogo."

"Nimekusamehe. Twende nyumbani."

"Subiri kwanza tuweke nakala."

Chapuchapu aliinakili rekodi ile sehemu mbili, akazifungua zote kuhakikisha zinasikika. Kisha wakatoka, naye akaurudisha mlango polepole mpaka ukafungika bila sauti.